Mzee wa Daftari Anajibu: Serikali Iliyopokonya Makumbusho Yake

Toleo lililopita niligusia, kwa aya mbili tu, jinsi makumbusho ya Ujerumani yalivyopokonywa picha na serikali yao wenyewe mwaka 1937. Barua zimekuja nyingi, nyingine zina hasira. Leo nimechagua nne, zilizobaki zisubiri. Na nyinyi mliotaka niwakadirie bei ya milango ya Lamu, tafadhali: mimi nilikuwa karani wa bohari, sijawahi kuwa dalali.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nasomea uchoraji hapa Buruburu. Kaka yangu anafanya kazi Essen, Ujerumani, na amenitumia picha za jumba la makumbusho liitwalo Folkwang. Ameambiwa kwamba jumba hilo lilipoteza kazi zaidi ya 1,400 zilizochukuliwa na serikali ya Hitler. Kinachonishinda ni hiki: jumba lilikuwa la umma. Serikali inajipokonyaje mali yake? Na vita vilipokwisha, kwa nini hawakuzidai?
Mwanafunzi, Buruburu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na la pili ndilo lenye miiba.

Folkwang halikuwa jumba la hivi hivi. Lilianzishwa mwaka 1902 katika mji wa Hagen na tajiri mmoja, Karl Ernst Osthaus, mtu aliyekuwa na jicho la kweli. Alinunua kazi za Van Gogh na Gauguin mapema, na chini ya paa hilo hilo akaweka vitu vilivyochongwa Afrika na visiwa vya Pasifiki. Alipofariki mwaka 1921 mkusanyo wake ulinunuliwa, ukahamia Essen mwaka uliofuata. Mwaka 1932 Mmarekani Paul J. Sachs, mmoja wa walioanzisha Museum of Modern Art ya New York, alilitembelea akaliita jumba la makumbusho zuri kuliko yote duniani. Mwaka mmoja baadaye Hitler akashika madaraka.

Mkurugenzi Ernst Gosebruch aliondolewa. Kiti chake kikaja kukaliwa na Klaus Graf von Baudissin, ofisa wa SS (kikosi cha chama cha Hitler), na hapa naomba usome polepole. Watu wakisimulia habari hizi huanza na tume iliyotoka Berlin kuja kuchukua picha. Lakini mwaka 1936, tume hiyo haijaundwa, Baudissin mwenyewe alitoa picha ya mchoraji Kandinsky iitwayo Improvisation 28 akaiuza kwa mfanyabiashara wa sanaa Ferdinand Möller kwa Reichsmark 9,000. Sasa iko Guggenheim, New York. Tume ilipofika Essen ilikuta mwenye funguo ameshaanza kazi.

Amri yenyewe ilitoka tarehe 30 Juni 1937. Goebbels, waziri wa propaganda, alimruhusu mchoraji Adolf Ziegler, mkuu wa baraza la serikali la wasanii, kuingia katika makumbusho na kuchukua kazi za "uozo", yaani sanaa ya kisasa wasiyoitaka, zilizotengenezwa tangu 1910, ziwe mali ya serikali kuu, ya majimbo au ya miji. Angalia hapo mwisho: ya miji. Picha za Essen zilikuwa za Essen. Kwa mpangilio wetu wa leo ungesema serikali kuu imeingia katika jumba la kaunti na kujichotea. Kwa hiyo hata hilo la "kujipokonya" lina walakini wake.

Tarehe 19 Julai maonyesho ya "sanaa potovu" yalifunguliwa Munich yakiwa na kazi kama 650 kutoka makumbusho 32. Hesabu mwenyewe: kutoka amri hadi ufunguzi hazikupita hata wiki tatu. Agosti tume ikarudi barabarani kuzoa zilizosalia. Mwishowe zilizochukuliwa nchi nzima zilizidi 16,000.

Nimekaa bohari miaka mingi, na watu wanaokuja na barua yenye mhuri nawajua. Hawapigi kelele. Wanauliza funguo ziko kwa nani, wanakubali chai, wanaomba mtu wa kuwasaidia kubeba. Anayekataa huwa mmoja. Kule Berlin alikuwa Eberhard Hanfstaengl, mkurugenzi wa Nationalgalerie. Alikataa kuipokea tume, akaondolewa kazini mwezi huo huo. Tume iliingia vile vile.

Sheria ilikuja baadaye, tarehe 31 Mei 1938, karibu mwaka mzima baada ya kuta kubaki tupu. Ilisema kazi hizo zinachukuliwa na dola bila fidia, ikahalalisha pia zilizokwisha kuchukuliwa. Sisi tulioishi enzi za amri kutoka juu tunaujua mtindo huo: jambo linafanyika Jumatatu, karatasi yake inatafutwa Alhamisi.

Sasa la pili. Baada ya vita, washindi walifuta sheria nyingi za Hitler, hii wakaiacha. Hoja ilikuwa kwamba dola iliuza vilivyokuwa mikononi mwa dola. Baba akiuza ng'ombe wake mwenyewe kwa bei ya kutupa ili akalewe, wanawe watalia, lakini hawawezi kwenda boma la mnunuzi na kamba. Mnunuzi atatoa hati ya mauzo, na hati itakuwa halali. Ndivyo yalivyokuwa makumbusho ya Ujerumani. Picha ya Franz Marc iitwayo Tierschicksale, yaani majaliwa ya wanyama, ilikuwa ya Moritzburg huko Halle. Leo ni mali ya Kunstmuseum Basel, Uswisi. Picha ya rabi iliyochorwa na Chagall ilikuwa Mannheim. Nayo iko Basel. Mkurugenzi wa Basel, Georg Schmidt, alipewa faranga 50,000 mwaka 1939 akarudi na kazi 21. Wengine wanamsifu kwamba aliziokoa, wengine wanasema alikula na mwizi. Mimi naona alifanya yote mawili, na sioni sababu ya kumchagulia moja.

Folkwang lilianza kujinunulia upya vilivyowezekana. Mwaka 2010, lilipofungua jengo jipya lililosanifiwa na David Chipperfield, lilikopa kazi zake za zamani kutoka kwa wenyewe wa sasa ili mkusanyo wa kabla ya 1933 uonekane tena pamoja. Zilitundikwa miezi michache, zikafungwa kwenye makasha, zikarudi zilikotoka.

Usichanganye haya na picha zilizoporwa kutoka kwa familia za Kiyahudi. Zile zilikuwa mali ya watu, walizopokonywa au kulazimishwa kuziuza wakiwa wamewekewa bunduki ya sheria kichwani. Kwa ajili yao mataifa 44 yalikubaliana Washington mwaka 1998 kwamba njia ya haki itafutwe. Makumbusho hayakuwekewa mlango huo.

SWALI: Mzee, nimesoma mahali kwamba picha zote hizo zilichomwa moto. Ni kweli?
M., South B

JIBU: La. Moto unakumbukwa kwa sababu unatisha, lakini nyingi ziliuzwa. Zilipelekwa kwanza ghala la nafaka mtaa wa Köpenicker, Berlin, na wafanyabiashara wanne wakapewa ruhusa ya kuziuza nje ili nchi ipate fedha za kigeni: Möller niliyemtaja, Karl Buchholz, Bernhard Böhmer na Hildebrand Gurlitt. Huyu wa mwisho ndiye ambaye mwaka 2012 mkusanyo wake ulikutwa katika nyumba ya mwanawe mjini Munich, kazi zaidi ya 1,200, na mwana alipofariki mwaka 2014 akawa ameurithisha kwa Kunstmuseum Bern.

Tarehe 30 Juni 1939 kulikuwa na mnada wa kazi 125 mjini Lucerne, Uswisi, chini ya Galerie Fischer. Bei ya juu kabisa ilikuwa faranga 175,000, kwa picha ambayo Van Gogh alijichora mwenyewe mwaka 1888. Ilitoka Munich, na leo iko Harvard. Göring, mkubwa mwenzake Hitler, alijitengea zake mapema akaziuza kivyake. Mojawapo ni picha ya daktari Gachet iliyochorwa na Van Gogh, ya makumbusho ya Städel, Frankfurt. Hiyo ndiyo iliyopigwa mnada New York mwaka 1990 kwa dola milioni 82.5. Mwaka 2019 Städel walipofanya maonyesho ya Van Gogh, walitundika fremu yake ikiwa tupu.

Kuhusu moto: kumbukumbu zinasema tarehe 20 Machi 1939, katika kituo cha wazima moto Berlin (ndiyo, cha wazima moto), kuliteketezwa picha za rangi na sanamu 1,004 na kazi za karatasi 3,825. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka kama zote ziliungua kweli. Na zingine zilipotea kwa vita tu. Mwaka 2010 wachimbaji wa njia ya treni ya chini ya ardhi mbele ya Rotes Rathaus, Berlin, walianza kutoa vifusini sanamu zenye masizi, na hesabu ikafika 16. Zilikuwa miongoni mwa kazi zile zile zilizopokonywa, zilizohifadhiwa katika jengo lililoungua mwaka 1944. Moja ilikuwa kichwa cha udongo cha Otto Freundlich, kilichotoka Hamburg. Freundlich mwenyewe aliuawa mwaka 1943 katika kambi ya Majdanek.

Ukitaka kujua kipi kilikwenda wapi, fungua orodha iliyo Victoria and Albert Museum, London. Imewekwa kwenye intaneti tangu 2014, bure. Maafisa wa Goebbels waliipiga chapa mwanzoni mwa miaka ya 1940, juzuu mbili: ya kwanza miji kutoka Aachen hadi Greifswald, ya pili Göttingen hadi Zwickau. Kila mji, kila jumba, kila msanii, na pembeni herufi: V imeuzwa, T imebadilishwa kwa kitu kingine, X imeharibiwa. Juzuu ya pili isingalijulikana nzima kama mjane wa mfanyabiashara mmoja wa sanaa asingaliitoa kwa jumba hilo mwaka 1996. Nimezipitia kurasa za Essen. Ziko nadhifu kupita kiasi; hata makarani wangu wa zamani hawakunyoosha safu namna ile. Walijua wanachofanya, wakakiandika kwa mpangilio wa alfabeti, na leo tunawajua kwa maandishi yao.

SWALI: Mzee wa Daftari, kwa heshima zote, mbona unatuletea kilio cha Wajerumani? Wao wana vitu vyetu kule Köln na Frankfurt, Waingereza wana ngoma ya Wapokomo. Walipopokonya walicheka. Walipopokonywa tulie nao?
Kijana wa Kayole

JIBU: Mjukuu wangu, machozi yako kaa nayo, sikuyaomba. Hasira yako ina msingi. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilitwaliwa na maafisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita na imo British Museum tangu 1908. Na ni kweli kuhusu Köln na Frankfurt. Ila watu wa makumbusho hayo mawili ndio walioketi na National Museums of Kenya na vikundi vya wasanii kuandaa orodha ya vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo: zaidi ya 32,000, katika taasisi 30. Mwaka 2021 matokeo yalionyeshwa pale Museum Hill, na kati ya vilivyowekwa kulikuwa na makabati ya vioo yasiyo na kitu ndani. Nilimwona mzee mmoja akizunguka kabati tupu mara mbili akitafuta kibao cha maelezo, akifikiri vitu vimepelekwa kusafishwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza haraka.

Lakini jambo ninalotaka ulitazame ni hili. Wale waliofungua maonyesho ya Munich hawakuwa wanawachukia wachoraji peke yao. Ukutani waliandika maneno ya kudai kwamba mtu mweusi ndiye amefanywa kielelezo cha sanaa hiyo potovu. Wachoraji wale, akina Kirchner na Schmidt-Rottluff, walikuwa wamejifunza kutoka vinyago vya Afrika na Pasifiki walivyoviona katika makumbusho, vitu vile vile unavyovidai wewe. Tulitukanwa katika maonyesho ambayo hatukualikwa. Kirchner zilichukuliwa kazi zake 639. Alijiua Juni 1938. Na usidhani utiifu ulisaidia kitu. Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi, tena mwenye bidii, na zilichukuliwa zake zaidi ya 1,000, kuliko za msanii mwingine yeyote. Kati ya wasanii 112 waliotundikwa Munich, Wayahudi walikuwa sita tu.

Walivyowachochea watu ndiko kunakonisumbua zaidi, kwa sababu mbinu hiyo naijua sura. Kando ya picha waliandika bei ambayo jumba lililipa, na kwamba zimelipwa kwa kodi ya Mjerumani mfanyakazi. Bei nyingi zilikuwa za miaka ya mwanzo ya 1920, wakati mfumuko wa bei ulifanya mkate uuzwe kwa mamilioni ya marki, na hilo hawakulieleza. Mtu anatoka kiwandani, anaona tarakimu yenye sifuri hizo zote kando ya farasi wa rangi ya buluu, anapandwa na damu. Kiingilio kilikuwa bure. Waliingia zaidi ya milioni mbili. Maonyesho ya sanaa iliyopendwa na Hitler, yaliyofunguliwa siku moja kabla umbali mfupi tu kutoka hapo, hayakufikia hata nusu ya idadi hiyo. Sijui wangapi walikuja kutukana na wangapi walikuja kuziaga picha, tiketi haziulizi.

Kuhusu madai, Wapokomo wana hoja yenye nguvu kuliko Essen, na hili watu hawalisemi. Essen walipokonywa na serikali iliyokuwa yao, na mauzo yakabaki halali. Wapokomo hawakuuza, hawakutoa, na aliyechukua hakuwa mwenye kitu. Kinachowazuia ni kufuli nyingine: sheria ya Uingereza ya mwaka 1963 inayowafunga mikono wasimamizi wa British Museum wasitoe vitu ila kwa sababu chache sana. Fimbo tatu za Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyepigana na Waingereza, zilirudi Nandi mwaka 2006 kwa sababu zilikuwa nyumbani kwa familia ya ofisa wa Kiingereza aliyemuua. Mwana wa yule ofisa aliamua kuzirudisha, basi.

Na hapa kwetu? Mwaka 1982 ukumbi wa maigizo wa wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, ulibomolewa na serikali iliyokuwa yetu, hatukutawaliwa tena na mtu wa nje. Kwa hiyo habari ya Essen si ya kule tu.

SWALI: Mzee, sisi ni wachoraji watano tunaogawana karakana Kangemi. Jumba moja la umma limetuomba picha za kuonyesha "kwa muda". Hakuna karatasi, ni maneno ya simu tu. Tuwape?
Wachoraji, Kangemi

JIBU: Msiwape bado. Nawaeleza kisa kimoja kwanza.

Sophie Küppers alikuwa na mkusanyo wake mwenyewe. Mwaka 1926, kabla ya kumfuata mumewe mchoraji El Lissitzky huko Urusi, aliacha picha kwa mkopo katika jumba la makumbusho la Hannover. Moja ilikuwa ya Paul Klee, Sumpflegende. Mwaka 1937 tume ilipofika Hannover ilikuta picha ukutani, na tume haikuuliza ni ya nani. Ikaenda na za jumba. Yeye alifariki Urusi mwaka 1978 bila kuipata. Baadaye ilinunuliwa kwa ajili ya Lenbachhaus, Munich. Mwanawe alikwenda mahakamani, akashindwa. Warithi wakaendelea kudai. Mwaka 2017, baada ya mvutano wa zaidi ya miaka 25, walipatana: picha inabaki Munich, warithi wanalipwa. Wangeshikilia nini miaka hiyo yote kama isingalikuwapo kumbukumbu kwamba ulikuwa mkopo?

Kwa hiyo ombeni mkataba wa mkopo, ukurasa mmoja unatosha. Uandike wazi kwamba picha ni mali ya mchoraji na zitabaki kuwa zake. Tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi (msikubali "baadaye"). Nani analipa bima na usafiri. Nani anawajibika zikilowa. Kila picha ipigwe picha mbele na nyuma, ipimwe kwa sentimita, na mikwaruzo iliyopo iandikwe siku hiyo hiyo mbele ya mtu wa jumba, atie sahihi. Mkipewa risiti yenye maneno "picha 12" tu, irudisheni. Picha 12 zipi?

Wakisema huko ni kutowaamini, waambieni Mzee wa Daftari ndiye mkorofi. Jumba linalojiheshimu lina fomu hizo kabatini tayari, na litashangaa kwamba hamkuziuliza mapema. Jina lako, jina la kazi na mwaka viandikwe kwa penseli kwenye mbao za nyuma. Kalamu ya wino isiguse turubai, hupenya ikatokea mbele. Nakala moja ya mkataba ikae kwa mtu asiyekuja karakana. Kangemi mvua ikinyesha nazijua paa zenu.